Milimita nane: matofali ya LEGO kwa watu wazima na familia zao

Chukua tofali la kawaida la LEGO, yaani tofali la plastiki la kuchezea, lile lenye vinundu vinane juu yake, viwili kwa vinne, uliweke mbele ya rula. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 8. Kimo cha tofali, bila kuhesabu vinundu, ni milimita 9.6. Kile kipande chembamba chenye vinundu, ambacho humu nitakiita bamba, kina kimo cha milimita 3.2, kwa hiyo mabamba matatu yakipandana yanafikia tofali moja sawasawa. Mtu mzima anayeufahamu mchezo huu kwa kweli huwa anazo namba hizi kichwani. Asiyezijua atafurahia seti yake mara moja, kisha ataiacha rafuni ikusanye vumbi.

Vipimo hivi ni vya zamani. Ole Kirk Kristiansen, mwanzilishi wa LEGO na seremala wa mji mdogo wa Billund huko Denmark, alianza kutengeneza midoli ya mbao mwaka 1932. Matofali ya plastiki yalikuja 1949, lakini yalikuwa matupu kwa chini, kwa hiyo nyumba ya mtoto ilibomoka ukiinyanyua. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya tofali lenye vijibomba ndani. Kinundu cha tofali la chini kikiingia hubanwa kati ya kijibomba na ukuta, na ndiyo maana vipande vinashikana bila gundi na bado mtoto anaweza kuvitenganisha. Tofali la mwaka huo linaingia kwenye tofali lililotoka kiwandani juzi.

Kuna siri moja ndogo hapo. Tofali la vinundu viwili kwa vinne kwa hesabu lingekuwa na urefu wa milimita 32. Ukilipima utapata 31.8. Kila upande umepunguzwa milimita 0.1 ili matofali yaliyopangwa ubavu kwa ubavu yasisukumane. Matofali ya kuiga yakiharibu, mara nyingi huharibu hapa: ukuta wa matofali sita unakaa vizuri, ukifika matofali ishirini unaanza kupinda kama ndizi.

Kuchagua seti

Tangu 2020 seti za watu wazima huuzwa kwenye maboksi meusi yenye alama ya 18+. Alama hiyo isikutishe. Haina maana kwamba kazi ni ngumu. Inasema tu kwamba seti ni ya kupamba sebule kuliko ya kusukumwa sakafuni. Mtoto wa miaka tisa aliyezoea anajenga nyingi kati ya hizo bila shida.

Namba ya vipande inadanganya pia. Ramani ya dunia ya mwaka 2021 (seti namba 31203) ina vipande 11,695, na sehemu kubwa ni viduara vidogo vya kinundu kimoja unavyovipachika kimoja kimoja. Ni kazi ya kutuliza akili kwa anayeipenda, adhabu kwa asiyeipenda. Mnara wa Eiffel (10307) una vipande 10,001 na kimo cha sentimita 149, na unarudia pembe nne zilezile tangu chini hadi juu. Titanic (10294) ina vipande 9,090 na ina mengi zaidi ya kufundisha, kwa sababu meli inafunguka na kuonyesha injini na vyumba. Kwa kukadiria, mtu mzima asiye na haraka anapachika vipande 200 hadi 300 kwa saa. Fanya hesabu kabla hujatoa pesa: Titanic ni saa thelathini na kitu, na katika muda wote huo meza ya chakula haipo.

Kwa familia, swali la kujiuliza ni kama seti inagawanyika. Kwa mtazamo wangu, shada la maua la 2021 (10280, vipande 756) ni mwanzo bora kuliko jengo lolote kubwa, kwa sababu kila ua ni kazi inayojitegemea: baba ana waridi lake, binti ana lake, bibi anapachika majani, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Bonsai ya mwaka huohuo (10281, vipande 878) ina taji mbili za kubadilishana, ya majani na ya maua, na maua yenyewe ni vyura mia moja wa rangi ya waridi. Mmoja anajenga chungu na shina, mwingine taji. Watoto wakigundua wale vyura huwa hawataki kuachia. Majengo ya ghorofa yaliyoanza na Cafe Corner mwaka 2007 (10182, vipande 2,056) nayo yanagawanyika vizuri, kwani kila ghorofa hunyanyuka peke yake. Gari kubwa la Technic (seti za LEGO za mashine zenye gia) halifai kabisa kwa watu wanne. Lina uti mmoja, na mikono miwili tu ndiyo inayoingia.

Kuhusu bei, kanuni ya mkato ya wapenzi wa matofali ni senti 10 za dola ya Marekani kwa kipande. Itumie kwa tahadhari. Seti iliyojaa viduara itaonekana rahisi, na yenye vipande vichache vikubwa itaonekana ghali, kumbe plastiki ya pili ni nyingi zaidi.

Meza, taa na visahani

Kosa la kwanza hutokea kabla tofali la kwanza halijapachikwa: mifuko yote inafunguliwa na kumwagwa pamoja. Seti kubwa huja na mifuko yenye namba. Fungua namba 1 peke yake, imalize, ndipo ufungue ya pili. Mifuko miwili ikiwa na namba ileile, yote miwili ni ya hatua hiyo.

Taa ni muhimu kuliko meza. Chini ya balbu ya manjano, nyeusi, kahawia iliyokoza na buluu iliyokoza ni rangi moja, na hata kwenye kitabu cha maelekezo zinafanana. Tafuta taa nyeupe ya mezani na uiweke upande ambao mkono wako hauleti kivuli. Chini ya kazi tandika kitambaa chenye nywele fupi, taulo kwa mfano, maana kigae cha kinundu kimoja (kipande kisicho na vinundu juu, chenye ukubwa wa kinundu kimoja) kikianguka kwenye sakafu ya terazo kinadunda hadi chini ya kabati.

Panga vipande kwa umbo, si kwa rangi. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu lundo la rangi moja linapendeza, lakini jicho halifanyi kazi hivyo. Kipande chekundu katika sahani ya maumbo yanayofanana kinajitokeza chenyewe; bamba fulani jeusi katika lundo la vipande vyeusi vitupu linahitaji kupapaswa. Kwa mfuko wa vipande 150 visahani vitano vinatosha: matofali, mabamba, vigae, pini na ekseli (vijiti vya kuunganishia na vya kuzungushia), na cha mwisho kwa vidogo vyote vya kinundu kimoja.

Watu watatu, kitabu kimoja

Familia zikikaa pamoja hugombana kwa jambo lilelile: mmoja anajenga, wengine wanatazama. Dawa ni kugawa kazi tatu na kuzibadilisha kila mfuko unapokwisha. Mtafutaji anasoma kisanduku cha vipande kilicho juu ya kila hatua na kuvitoa vyote kabla mtu hajapachika chochote. Mjenzi anapachika. Mkaguzi anashika kitabu, anahesabu vinundu kutoka ukingoni, na ndiye mwenye haki ya kusema “rudi nyuma”. Mtoto wa miaka mitano ni mtafutaji hodari, mara nyingi kuliko mzazi, kwa sababu macho yake yako karibu na meza. Ukaguzi mpe mwenye umri wa kwenda shule, anayehesabu bila kuchoka.

Programu ya simu ya LEGO Builder ina njia ya kujenga pamoja kwa baadhi ya seti: inagawa hatua, kila mtu anapata yake kwenye kioo chake. Inafanya kazi, ingawa binafsi naona inageuza meza kuwa ofisi. Kitabu cha karatasi kinalazimisha watu kuongea.

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asiwe karibu na vipande hivi. Kigae cha kinundu kimoja kinapita kooni. Mpe DUPLO, matofali makubwa ya LEGO ya watoto wadogo, yaliyoanza 1969, ambayo kila kipimo chake ni mara mbili: milimita 16 kati ya vinundu na kimo cha 19.2. Uzuri ni kwamba matofali ya kawaida ya 2×4 yanakaa juu ya DUPLO, kwa hiyo lundo la mdogo baadaye linakuwa mawe ya msingi ya mlima wa mkubwa.

Siku ambayo hakuna muda wa seti, kuna mchezo wa matofali sita. Kila mtu anapewa matofali yaleyale sita ya 2×4, dakika moja, na neno moja: bata, pikipiki, kiti. Mkimaliza hakuna wawili wanaolingana, na hesabu inaeleza sababu. Matofali mawili ya 2×4 ya rangi moja yanaungana kwa njia 24. Matatu, njia 1,060. Sita, njia 915,103,765.

Yanayoharibika

Kupotoka kwa kinundu kimoja ndiko kunakoongoza. Unapachika bamba la hatua ya 14 kinundu kimoja kulia kuliko inavyotakiwa, na kazi inaendelea kukubali hadi hatua ya 22, ambapo kipande kinagoma kuingia. Hapo watu hulazimisha. Usilazimishe: vipande hivi vimetengenezwa kuingia kwa nguvu ya kidole gumba, na kikikataa basi kosa liko nyuma. Rudi ukurasa mmoja mmoja, ukihesabu vinundu kutoka ukingo ulio karibu, mpaka upate picha inayolingana na kilicho mkononi.

Vipande vinavyobaki vinakuambia mengi. Mifuko hupimwa kwa uzito kiwandani, na vipande vidogo sana ni vyepesi mno kwa mizani kuvihakiki, kwa hiyo huongezwa kimoja cha ziada. Kigae kidogo kikibaki, shukuru na uweke akiba. Tofali la 2×4 likibaki, umeruka hatua. Na kikipungua, usiandikie kampuni usiku huohuo. Geuza mifuko ndani nje, maana plastiki yenye umeme tuli hunasa vipande kwenye pembe. Angalia chini ya vipande vikubwa, kwani vidogo hujificha kwenye uwazi wao. Kisha angalia kama umetumia kimoja cha rangi inayokaribiana. Kama kweli hakimo, huduma kwa wateja kwenye tovuti ya LEGO hutuma kipande kilichokosekana kwenye seti mpya bila malipo.

Kubandua ni ufundi wake. Mabamba mawili membamba yaliyolaliana ndiyo yanayong'oa kucha. Usitumie meno, alama ya jino kwenye plastiki haifutiki, na jino nalo si la plastiki. Kile kifaa cha rangi ya chungwa kinachokuja na seti nyingi ni kwa kazi hii. Ukiwa nacho kimoja, kipachike juu na ukandamize mkia. Ukiwa navyo viwili, bana bamba la juu kwa kimoja na la chini kwa kingine, kisha vikutanishe mikia. Kigae kina mfereji mwembamba ukingoni chini, na ncha nyembamba ya kifaa huingia humo. Ekseli iliyozama kwenye tundu isukume kwa kile kijiti kilicho mgongoni mwa kifaa.

Stika zinaharibu seti nyingi kuliko mbwa na watoto. Nawa mikono, inua stika kwa ncha ya kisu au kwa kifaa kilekile, na kabla ya kuibandika paka tone la maji yenye sabuni kidogo juu ya kipande. Kwa dakika chache stika inateleza na unaweza kuinyoosha, kisha kamua maji kwa kitambaa ukianzia katikati kwenda nje.

Kwa wanaojenga Technic, zijue rangi za pini. Nyeusi fupi na buluu ndefu zinabana, zinashika fremu. Kijivu fupi na ya rangi ya mchanga ndefu huzunguka bure, ni za viungo vinavyosogea. Ukiweka pini ya kubana mahali pa kiungo, usukani utakuwa mzito na hutajua kwa nini. Ekseli zipime kwenye mchoro wa kitabu, ambao kwa kawaida huchorwa kwa ukubwa halisi: lalisha ekseli juu ya karatasi, urefu ulingane. Kila ukimaliza kundi la gia, zungusha kwa kidole kabla ya kuendelea. Zikikwama, chanzo cha kawaida ni bushi (pete ndogo inayovishwa kwenye ekseli) iliyosukumwa hadi mwisho ikabana ukuta. Irudishe nyuma unene wa karatasi moja.

Mtumba na matofali ya kuiga

Katika magunia ya midoli ya mtumba matofali haya hutokea yakiwa yamechanganyika na kila kitu. Angalia kinundu kwanza: tofali halisi lina jina LEGO juu ya kila kinundu, kwa maandishi madogo yanayosomeka ukiliinamisha kwenye mwanga. Ndani ya tofali pia kuna namba ya kalibu. Ya 2×4 ni 3001, 2×2 ni 3003, 1×2 ni 3004, na bamba la 1×2 ni 3023. Namba hizi ndizo unazoandika ukitafuta kipande kwenye BrickLink, soko la mtandaoni lililoanza mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO yenyewe 2019. Rebrickable, tovuti nyingine, nayo inakuruhusu kuingiza seti ulizonazo na kukuonyesha unachoweza kujenga kwazo. Vitabu vya maelekezo vya seti nyingi za zamani vinapatikana bure kwenye tovuti ya kampuni, kwa hiyo gunia lisilo na boksi si hasara.

Kagua mambo mawili zaidi. Rangi za kijivu zilibadilishwa 2004. Za kabla yake zina umanjano kidogo, za baadaye zina ubuluu, na ukizichanganya kwenye ukuta mmoja utaona mabaka. Halafu kuna kahawia na ile nyekundu ya damu ya mzee: nyingi zilizotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 2000 na kuingia miaka ya 2010 ni dhaifu, zinapasuka ukizibandua. Ukizikuta, zitumie mahali ambapo hutazitoa tena.

Matofali ya kuiga yako kila mahali, na si kwa wizi wote. Hataza ya 1958 ilikwisha zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa umbo la tofali lisajiliwe kama alama ya biashara, kwa sababu umbo hilo ni suluhisho la kiufundi. Kampuni nyingine zinaweza kutengeneza tofali linaloungana na la LEGO. Hazina ruhusa ya kunakili seti na boksi lake. Ubora unatofautiana kupita kiasi. Jaribio la haraka dukani: pachika matofali mawili, inua la juu. La chini lisipoinuka pamoja nalo, au ukihitaji koleo kuyatoa, achana nayo.

Mlango wa vipande themanini

Sasa turudi kwenye rula. Mabamba matano yakipandana yana milimita 16, na vinundu viwili navyo vina milimita 16. Hapa ndipo kujenga ubavuni kunapoanza: ukilaza mabamba matano kwa ubavu, yanajaza nafasi ya vinundu viwili bila kuacha upenyo. Mfano mzuri ni mlango wa nyumba ya Kiswahili wenye mbao mbili, mfaa katikati na misumari ya shaba, pamoja na baraza zake mbili.

Anza na mlango wenyewe, ukiujenga umelala. Weka bamba la 1×8 la kahawia. Juu yake panga matofali manane ya 1×1: nafasi ya pili, ya nne, ya tano na ya saba yawe yale yenye kinundu ubavuni (namba 87087), vinundu vyote vikitazama upande mmoja, nafasi nyingine ziwe matofali ya kawaida (3005). Funika kwa mabamba mawili ya 1×8 ya rangi tofauti, huo ndio mfaa. Panga tena matofali manane kwa mpangilio uleule, kisha maliza kwa kigae cha 1×8. Lazima kiwe kigae, kwa sababu vinundu vya bamba vingeongeza karibu milimita 1.7 na mlango usingeingia. Hesabu unene: bamba 1, tofali ambalo ni sawa na mabamba 3, mabamba 2 ya mfaa, tofali la 3, kigae 1. Jumla 10, yaani milimita 32, vinundu vinne kamili. Simamisha mlango, kisha pachika viduara vinane vya dhahabu vya kinundu kimoja kwenye vinundu vya ubavuni, na mlango una misumari.

Kimo chake ni vinundu 8, milimita 64, ambazo ni sawa na matofali sita na mabamba mawili. Kwa hiyo ukuta unaujenga hivi. Tumia bamba la 6×12 kama kiwanja. Safu tatu za nyuma ni ukuta. Nene, kama kuta za mawe ya matumbawe. Tabaka la kwanza: bamba la 1×12 mbele, la 1×12 nyuma, na katikati bamba la 1×4, kigae cha 1×4, bamba la 1×4. Mlango utakaa juu ya kigae hicho. Tabaka la pili: nyuma 1×12, katikati mabamba mawili ya 1×4 pembeni, pengo la vinundu vinne wazi, mbele bamba la 1×4, kigae cha 1×4, bamba la 1×4. Kigae hiki cha mbele ni kizingiti, kinazuia mlango usianguke nje.

Kisha kozi sita za matofali. Kozi ya kwanza, ya tatu na ya tano: tofali la 2×4 kila upande likishika safu ya mbele na ya katikati, na nyuma matofali mawili ya 1×6. Kozi ya pili, ya nne na ya sita: tofali la 1×4 kila upande mbele, la 2×4 kila upande likishika katikati na nyuma, na la 1×4 kuziba katikati ya ukuta wa nyuma. Zamu hii ndiyo inayofunga safu tatu kuwa ukuta mmoja. Bila hiyo kila safu inasimama kivyake na inaachana ukiigusa.

Ingiza mlango kutoka juu sasa hivi, misumari ikitazama mbele. Ukisubiri tabaka linalofuata, misumari itagonga. Tabaka hilo ni bamba la 1×12 mbele, la 1×12 nyuma, na mabamba mawili ya 1×4 katikati pembeni. Lile la mbele linashuka milimita 3.2 mbele ya mlango na kuufungia. Malizia kozi moja juu: matofali matatu ya 2×4 kwa safu mbili za mbele, mawili ya 1×6 nyuma. Baraza ni tofali la 2×4 kila upande wa mlango, limeegemezwa ukutani na kufunikwa kwa kigae cha 2×4.

Ukihesabu, ukuta, kiwanja na baraza ni vipande 52, mlango 28. Mlango haujapachikwa kwenye kinundu chochote. Umekaa mfukoni mwake. Ukicheza kidogo ni sawa, ni zile milimita 0.1 za kila upande. Ukikataa kuingia, tazama kama tabaka la mwisho kweli ni kigae, au kama tofali fulani la 1×1 halijashuka hadi mwisho.

Usitumie njia ya mkato ya kuchomeka bamba wima kati ya vinundu. Nafasi kati ya kinundu na kinundu ni 8 kutoa 4.8, yaani 3.2, sawa kabisa na unene wa bamba, bila pumzi yoyote. Litaingia, litashika, na vipande vyote vitabaki na mkazo.

Kuosha na kuhifadhi

Maji yasizidi nyuzi 40 za sentigredi. Sabuni laini, beseni, mkono, basi. Mashine ya kufulia inakwaruza, na maji ya moto yanapindisha mabamba. Vipande vyenye stika na vyenye umeme usiloweke. Kausha kwa kuanika kivulini juu ya taulo, vinundu juu ili maji yatoke, na vipe siku nzima. Jua kali hugeuza nyeupe na kijivu kuwa njano, na gari lililofungwa mchana wa Dar es Salaam au Mombasa lina joto la kutosha kupinda bamba kubwa. Kwa seti iliyoko rafuni, brashi laini ya vipodozi kila wiki inatosha. Vumbi likishaungana na mvuke wa jikoni linakuwa gundi, na hapo hakuna njia ila kubomoa na kuosha.

Ukibomoa ili kujenga tena, fungua kitabu kutoka ukurasa wa mwisho. Bomoa hadi pale mfuko wa mwisho ulipoanzia, tia vipande hivyo kwenye mfuko wa zipu, andika namba kwa kalamu ya maka, kisha endelea na mfuko unaotangulia. Inachukua muda zaidi ya kuvunja kwa fujo, lakini mwaka ujao seti inafunguliwa kama mpya. Kitabu kiweke ndani ya mfuko namba 1, kwa sababu ndicho kinachopotea kwanza.